Kabla ya Kununua Nyumba ya Zamani, Chunguza Dari

Mwananchi unayekusudia kununua nyumba ya zamani unashauriwa kuchunguza dari na paa kabla ya kulipa. Bodi za saruji za miaka ya nyuma huenda zikawa na asbesto, na jicho pekee haliwezi kuthibitisha. Kipimo cha maabara ndicho huamua.

Dari nzima isiyoguswa huwa na hatari ndogo. Hatari huanza inapotobolewa, kukatwa au kuvunjwa, kwani nyuzi zake huingia mapafuni na huweza kusababisha saratani miaka 20 au zaidi baadaye. Usimwite fundi kuibomoa, wala usifagie vumbi lake likiwa kavu.

Fika kwanza kwa Afisa Mazingira wa Halmashauri akuelekeze. Gharama ya kuiondoa ijadiliwe na muuzaji kabla ya kusaini mkataba.