Kelele za Feni ya Kompyuta

Mjini Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, vumbi la kiangazi huingia hata ndani ya kompyuta za shule, na feni zake zikavuma kupita kiasi. Je, kelele hizo zaweza kupunguzwa bila madhara?

Feni nyingi za kompyuta za mezani hutumia volti 12. Ikipewa volti 7, feni huzunguka polepole na mvumo hupungua sana. Lakini hewa inayosukumwa nayo hupungua. Tena kwa volti 5 baadhi ya feni hushindwa kuanza kuzunguka.

Basi, chomoa waya wa umeme, ondoa vumbi kwanza, ndipo upunguze volti kidogo kidogo, ukipima joto la prosesa kompyuta ifanyapo kazi nzito. Joto likizidi, rudisha volti: heri kelele kuliko kompyuta iliyoungua.