Paka mgeni nyumbani: tumkaribishe polepole



Kila familia inajua shida hii. Posho imegawiwa leo, unga na maharage viko ndani, na usiku huohuo panya wanaanza kutoboa mifuko. Ndiyo maana paka hodari ni mlinzi wa chakula cha watoto. Basi wengi wetu tunaongeza mtoto wa paka, tukifikiri kazi itakwenda mbio. Kumbe mara nyingine yule wa zamani anakasirika, anampiga mgeni, ama anahamia kwa jirani moja kwa moja. Hapo mlinzi amepotea, na panya wanafanya sikukuu.

Kwa nini iwe hivyo? Paka anaitambua nyumba yake kwa harufu. Akijisugua mashavu mlangoni au miguuni petu, anaacha harufu ya kusema: hapa ni kwangu. Mgeni akiingizwa ghafla, anaonekana mvamizi. Si uchawi wala roho mbaya. Ni hofu ya kunyang'anywa mahali, na hofu hiyo sisi tunaijua.

Basi tufanye hivi:

1. Mtoto wa paka asitolewe kwa mama yake kabla ya wiki 8. Kwa mama na ndugu zake ndipo anapojifunza kucheza bila kuuma sana.

2. Siku za kwanza tuwatenganishe. Kama nyumba ni chumba kimoja, tenga la kuku linatosha: mgeni akae chini yake na kitambaa na maji. Wa zamani akitoka kuwinda, tumfungulie mdogo atembee.

3. Tubadilishe vitambaa vyao vya kulalia, kila mmoja azoee harufu ya mwenzake kabla ya kushikana macho kwa macho.

4. Kila mmoja awe na sahani yake. Ugali na dagaa kidogo, mmoja ndani ya tenga, mwingine nje, mbali kidogo. Kila siku tuzisogeze sahani karibu. Mwenyeji apewe kwanza.

5. Tenga likiondolewa, mtu mzima awepo. Kutoa sauti ya "fsss" na kusimamisha manyoya ni kawaida, tusiwapige. Wakianza kupigana, tuweke ungo katikati, siyo mkono.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa paka, hesabu hiyo haitoshi! Wengine wanapatana kwa wiki moja, wengine wanachukua mwezi au zaidi. Tusiwalazimishe.

Tuangalie na afya zetu. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa na paka, tuoshe kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu tumpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, maana kichaa cha mbwa hata paka anacho. Mama mjamzito asiguse mavi ya paka, kazi hiyo afanye mwingine. Na tusitege sumu ya panya: paka akila panya aliyekula sumu, naye anaweza kufa.

Nanyi watoto, mpeni mgeni jina zuri. Lakini kila asubuhi anzeni kumpapasa yule mkubwa, ajue bado nyumba ni yake.