Kabla ya Kuita Greda, Ulizeni Maji Yatapita Wapi

Juma hili tuzungumzie jambo ambalo halionekani siku ya kuzindua jengo, bali huonekana siku ya mvua kubwa ya kwanza. Nalo ni namna ya kuchonga kiwanja cha ujenzi wa umma na kuyapa maji njia ya kupita.

Tuchukue mfano wa mahali kama Kaengesa, kata ya Wilaya ya Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa. Nchi ile ni ya miinuko ya nyasi na miti michache. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Maji ya upande wa magharibi wa uwanda huteremkia Ziwa Tanganyika. Yale ya mashariki huporomoka kwenye ukingo wa Bonde la Ufa hadi Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutokea. Udongo ukishafika Rukwa hauna pa kwenda tena.

Wafipa hawahitaji kufundishwa juu ya mteremko. Kilimo chao cha ntumba ni cha miaka mingi: nyasi hukusanywa na kufunikwa kwa udongo, vikatokea vilima vidogo vya mviringo. Nyasi zikioza huwa mbolea, na maji ya mvua hukwama kati ya vilima yakazama taratibu badala ya kukimbia. Mkulima amejua siku zote kwamba maji yanayokimbia ni mwizi wa shamba.

Lakini elimu hiyo ya shambani mara nyingi huachwa nje ya uzio wa ujenzi. Mwaka 2021 serikali ilitumia fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi trilioni 1.3, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000 nchini. Kazi kubwa ya madarasa na zahanati vijijini siku hizi hufanywa na mafundi wa mahali pale, chini ya kamati ya ujenzi, bila mkandarasi. Utaratibu huu umepunguza gharama na watoto wamepata pa kukaa. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini mkandarasi anapoondoka, yule wa kuulizwa habari ya maji naye huondoka, isipokuwa kamati imechukua nafasi yake.

Tufanye hesabu. Jengo la madarasa mawili lenye bati la mita 20 kwa 9 lina paa la mita za mraba 180. Mvua ya milimita 50 ikinyesha, paa hilo pekee humwaga lita 9,000, yaani mapipa 45 ya lita 200. Kama hakuna mfereji, maji hayo huanguka kando ya msingi. Yanachimba, udongo unalegea, na ufa unaanza.

Uwanja wenyewe ni hatari zaidi. Nyasi zilikuwa zikivunja nguvu ya matone, na mizizi ikiushika udongo. Greda limeng'oa vyote, magurudumu yameshindilia ardhi hata maji hayazami. Yakikusanyika hushika kasi, na kila kasi inapoongezeka hubeba udongo mwingi zaidi. Tope hilo huishia kwenye maharage ya jirani wa chini, au kwenye kisima cha kijiji. Mwenye shamba hilo huenda ndiye mzazi aliyechangia mawe ya msingi!

Je, sheria haipo? Ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ipimwe athari zake kabla ya kuanza. Barabara kuu ya lami ni mradi wa aina hiyo. Lakini madarasa mawili ya kijijini si rahisi kuangaliwa kwa jicho hilo. Wamarekani walipata somo kama hili. Kanuni zao za mwaka 1990 za maji ya mvua zilihusu viwanja vya ujenzi vya kuanzia ekari tano. Mwaka 1999 wakashusha kipimo hadi ekari moja. Viwanja vidogo vikiwa vingi, tope lake si dogo.

Sisi tunacho chombo karibu zaidi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inairuhusu Halmashauri ya Kijiji kutunga sheria ndogo, zikapata idhini ya Halmashauri ya Wilaya. Sheria ndogo ya ukurasa mmoja yatosha, yenye mambo manne. Kwanza, kiwanja kichongwe wakati wa kiangazi, na kwa sehemu inayojengwa tu. Pili, mfereji wa kukinga maji uchimbwe upande wa juu kabla ya msingi, na mdomo wake utokee penye nyasi au mawe, si kwenye shamba la mtu. Tatu, udongo wa juu ulundikwe mbali na mkondo, urudishwe, na nyasi zipandwe kabla ya Novemba. Nne, fundi asilipwe malipo ya mwisho mpaka kamati imekagua mifereji.

Wapo watakaosema fedha zilizoletwa ni za darasa, si za mifereji. Lakini jembe lipo, mawe yapo, nyasi zipo, na kuchagua mwezi wa kuchonga hakulipiwi. Kinachogharimu ni kujenga upya ukuta uliopasuka, na fedha za ukuta wa pili haziji upesi kama za ule wa kwanza.

Nanyi mnaosoma haya mkiwa mjini, msidhani ni habari ya Ufipa peke yake. Mitaro ya miji yetu huzibwa na mchanga, na sehemu ya mchanga huo hutoka kwenye viwanja vilivyochongwa na kuachwa wazi. Zahanati au soko likianza kujengwa mtaani kwenu, msisubiri kuona rangi ya bati. Mwulizeni diwani wenu mapema: maji ya kiwanja hiki yatapita wapi? Akikosa jibu, greda lisubiri.