Je, Wajua? Taa Imewaka, Lakini Kihisi Huenda ni Kizima

Je, wajua kwamba gari la dizeli la kisasa linaweza kuwa na vihisi vitatu au zaidi vya joto kwenye bomba la ekzosi peke yake? Kimoja hukaa karibu na turbo, kingine kabla ya masega ya kusafisha moshi, kingine kwenye kichujio cha masizi ambacho mafundi hukiita DPF. Vyote kazi yao ni kuiambia kompyuta ya gari moshi una joto kiasi gani.

Je, wajua kwamba masizi yaliyonaswa kwenye DPF huhitaji joto la karibu nyuzi 600 za Selsiasi ili yaungue? Kompyuta hulipandisha joto hilo kwa kuongeza dizeli, na haiwezi kufanya hivyo kwa usalama bila kujua joto limefika wapi. Kihisi kikiharibika, usafishaji husitishwa. Masizi yanajaa, gari linakosa nguvu, na mwenye gari anaweza kuambiwa turbo imekufa au DPF ing'olewe, wakati chanzo ni kifaa chenye ukubwa wa kalamu.

Angalia na oili pia. Katika injini zinazopulizia dizeli ya ziada ndani ya silinda, sehemu ya dizeli hiyo huteremka hadi kwenye oili. Oili ikipanda kwenye kijiti cha kupimia badala ya kupungua, usiipuuze.

Wajua kuwa maarifa ya kupima joto kwa umeme ni ya zamani kuliko gari la Karl Benz, lililopata hataza mwaka 1886? Thomas Johann Seebeck aligundua mwaka 1821 jambo ambalo baadaye lilieleweka kuwa ni umeme unaozalishwa na metali mbili zilizounganishwa pale ncha zao zinapotofautiana joto. Mwaka 1871, jijini London, William Siemens alieleza namna ya kupima joto kwa ukinzani wa waya wa platinamu. Njia zote mbili zinatumika kwenye ekzosi hadi leo.

Sasa jambo linalowapoteza mafundi wengi. Vihisi vya ukinzani viko vya aina mbili, na vinakwenda kinyume. Kile cha platinamu kinachotumika sana huwa na omu 200 kwenye nyuzi sifuri, karibu omu 220 kwenye nyuzi 25, na hupita omu 600 joto likifika nyuzi 600. Aina ya pili ukinzani wake hushuka joto likipanda, na kikiwa baridi huwa mkubwa mno hata multimeta huweza kuonyesha kana kwamba waya umekatika ndani. Fundi asiyejua hilo hukitupa kihisi kizima. Kipashe joto kwanza, uone kama namba inashuka taratibu bila kurukaruka, halafu ndipo uhukumu. Vipimo sahihi vya gari lako vimo kwenye kitabu chake cha ufundi.

Je, wajua kwamba kodi ya hitilafu inayotolewa na kompyuta ya gari haisemi "badilisha kihisi"? P0545 inasema volti kwenye saketi ya kihisi cha kwanza iko chini mno, P0546 inasema iko juu mno. Kwa kihisi cha pili ni P2032 na P2033. Volti ya chini mara nyingi ni waya uliogusa bodi. Ya juu mara nyingi ni waya uliokatika au soketi iliyoachia.

Kipimo bora hakihitaji hata spana. Acha gari lilale usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, unganisha mashine ya kusoma kodi na usome joto la maji ya injini, la hewa inayoingia na la ekzosi. Yote yanapaswa kukaribiana. Ekzosi ikisoma nyuzi 300 wakati gari ni baridi, kuna kasoro.

Halafu chomoa soketi, washa swichi, upime upande wa waya zinazotoka kwenye kompyuta: magari mengi yenye kihisi cha ukinzani hutoa volti zinazokaribia 5. Kama hazipo, usinunue kihisi. Fuata waya. Unaweza kuzikuta zimeyeyuka kwa kulala juu ya bomba, zimesuguliwa na chuma, au zimetafunwa na panya. Waya ya kawaida huungwa, ikavishwa mpira wa kujibana na kufungwa mbali na joto. Waya inayotoka kwenye kihisi chenyewe ni ya kustahimili moto. Ikikatika, badilisha kihisi kizima.

Wakati wa kukifungua, nati huwa imeshikwa na kutu. Pulizia mafuta ya kulegeza, subiri, tumia spana inayoishika nati pande zote, na usiipinde waya. Kipya kikihitaji grisi ya kuzuia kushikana, ipake kwenye nyuzi za skrubu tu, isifike kwenye ncha. Kisha futa kodi na uliendeshe gari hadi usafishaji wa DPF ukamilike.

Je, wajua kwamba magari mengi ya Japani ya miaka ya 1970 na 1980 yalikuwa na taa ya pekee ya kuonya ekzosi imepata moto kupita kiasi? Masega yaliyopata moto huweza kuwasha nyasi kavu chini ya gari lililoegeshwa. Ndiyo maana kuchomelea rezista mahali pa kihisi ili taa izimike ni kosa kubwa. Kompyuta itaamini joto halibadiliki kamwe, na hakuna kitakachoilinda turbo, DPF wala waliomo ndani ya gari.

Kwa hiyo fundi akikuambia kihisi kimekufa, mwombe akuonyeshe namba alizosoma gari likiwa baridi, na omu na volti alizopima. Kama hana, usinunue spea bado.