Minyoo ya Busia na Mizani ya Sayansi

Mwaka 1998, shule 75 za msingi wilayani Busia, magharibi mwa Kenya, ziligawanywa katika makundi matatu ya shule 25. Kundi la kwanza lilianza kupewa dawa za minyoo mwaka huohuo, la pili mwaka 1999, na la tatu likasubiri hadi 2001. Wanafunzi wa shule hizo walizidi 30,000, na vipimo vilionyesha kwamba zaidi ya 90% walikuwa na minyoo ya aina moja au nyingine. Walioongoza utafiti hawakuwa madaktari. Walikuwa wanauchumi wawili wa Marekani, Michael Kremer na Edward Miguel, na walitaka kujua kama dawa hiyo ingewarudisha watoto darasani.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Utoro ulipungua kwa robo. Hata watoto ambao hawakunywa dawa walinufaika, kwa kuwa mayai ya minyoo yalipungua katika mazingira yao. Alama za mitihani, hata hivyo, hazikupanda.

Je, hii ni sayansi? Wanaokataa husema binadamu hatiwi kwenye chupa ya maabara: hubadili mwenendo akijua anatazamwa, na hana kanuni isiyobadilika kama ile ya mvutano wa dunia. Mwanafalsafa Karl Popper alitumia kipimo kingine. Kwake, nadharia ya kisayansi ni ile inayokubali mapema kwamba tokeo fulani likionekana, imeanguka. Alivutiwa na Einstein, ambaye nadharia yake ingeweza kuanguka wakati wa kupatwa kwa jua mwaka 1919, iwapo mwanga wa nyota usingepinda kama alivyotabiri. Wafuasi wa Freud na wa Marx aliwalaumu kwa kupata maelezo ya kila jambo likishatokea. Kwa kipimo hicho, kinachoangaliwa ni namna dai linavyojaribiwa, liwe linahusu nyota au watu.

Utafiti wa Busia ulijaribiwa kweli. Kremer na Miguel waliwapa wenzao takwimu zao, na mwaka 2015 watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine walichapisha hesabu walizozirudia upya. Waligundua kwamba programu ya kompyuta ilikuwa imehesabu shule 12 tu za jirani pale ilipopaswa kuhesabu zote. Kosa liliporekebishwa, faida iliyodaiwa kufika shule zilizo umbali wa kilomita 3 hadi 6 haikuonekana tena. Mahudhurio bora katika shule zilizopewa dawa yalibaki, ingawa wakosoaji walihoji uzito wa ushahidi huo, na mabishano makali yakafuata.

Mwaka huohuo wanasaikolojia walitangaza kwamba wamerudia tafiti 100 za fani yao. Awali 97% zilikuwa na matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Ziliporudiwa, ni 36% tu. Waliocheka walisahau kwamba mwaka 2012 kampuni ya dawa ya Amgen ilieleza kuwa ilirudia tafiti 53 mashuhuri za saratani, na 6 tu ndizo zilizothibitika. Maabara nazo zina ugonjwa huo.

Udhaifu mkubwa wa sayansi za jamii uko kwingine. Jiwe huanguka Busia kama linavyoanguka Muscat, lakini mzigo wa minyoo haufanani. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliongeza maambukizi Busia, hivyo dawa iliyofaa pale huenda isilete tofauti kubwa mahali penye minyoo michache. Utafiti mwingine, uliofanywa Busia na wilaya jirani, ulionyesha kuwa vitabu vya kiada havikuinua wastani wa alama. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa tayari wakifanya vizuri, kwani vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi ni lugha ya tatu. Anayehamisha tokeo kama hilo bila kutaja lugha ya darasa anawapotosha wasomaji wake.

Mwaka 2019 Kremer alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Tuzo hiyo haithibitishi kwamba uchumi ni sayansi. Ushahidi wenye nguvu zaidi ni lile kosa la programu: wageni walifungua takwimu, wakalikuta, na dai likapunguzwa. Mchumi anayeeleza kwa nini bei imepanda, na ambaye angetoa maelezo yaleyale kama ingeshuka, hajajiweka hatarini kwa namna hiyo, hata akijaza ukurasa kwa milinganyo.