Hesabu Mabomba Kwanza
Huko Marekani, wakati wa baridi, nyumba nyingi hupashwa joto kwa rejeta za chuma zinazoletewa mvuke au maji ya moto. Vali ijifungayo yenyewe chumba kikipata joto huokoa mafuta, lakini mimi kabla ya kuichagua huhesabu mabomba. Rejeta ya mvuke yenye bomba moja hupokea mvuke na kurudisha maji kwa njia ile ile. Ukiibana njia hiyo, maji hunaswa, na usiku kucha mabomba hugonga kama nyundo. Hapo vali hutiwa penye tundu la kutolea hewa: hewa isipotoka, mvuke hauingii. Penye mabomba mawili hutiwa mlangoni pa rejeta. Maji ya moto nayo ni hivyo hivyo, ila yakipitia rejeta moja kwenda nyingine, pasipo bomba la kando, ukifunga moja vyumba vyote hupoa.