Mwongozo Iko kwa Begi, Setibuku Iko Wapi?

Siku shule zinafungwa, stage ya Kisii haipitiki. Mathree za Keroka, Nyamira, Ogembo na Migori zimebebeshwa masanduku za chuma na magodoro, makanga wanapigania watoi wa sare, na kwa kila begi kuna ile bahasha ya kaki. Ndani ni asaimenti ya English: esei za setibuku, dondoo, insha, zote zirudi siku ya kufungua zikiwa na sahihi ya mzazi. Likizo inaisha bahasha haijaguswa. Usiku wa kuamkia kurudi ndio grupu ya WhatsApp inawaka: nani ameandika namba nne atume picha? Picha inatumwa. Ikigonga saa tano usiku, esei moja imeshaandikwa na darasa nzima, kutoka Mosocho mpaka Kebirigo, na wote wamekosea jina la Banjul, ule mji wa setibuku, vile vile.

Maodijo wanasema ni uvivu. Wazazi wanasema ni simu. Mi nasema hizo asaimenti zimeundwa ziandikike bila kufungua kitabu, na watoi wa Gusii si mafala, walishtukia kitambo.

Cheki vile maksi hugawanywa. KCSE English Pepa 3 ni masaa mbili na nusu, maksi 60. Namba moja ni insha ya kutunga, 20. Namba mbili ni novel ya lazima, 20. Namba tatu unachagua kitabu yako kati ya zile zingine, 20. Sasa hiyo esei ya setibuku iko na hesabu yake, na mtoi wa Form Three anaijua kuliko namba ya simu ya mathake: utangulizi maksi 2, pointi nne za maksi 3 kila moja, lugha 4, hitimisho 2. Basi. Ukishajua hivyo, Fathers of Nations inaacha kuwa hadithi, inakuwa duka ya pointi. Unaingia, unabeba nne, unatoka.

Na ni kitabu moto, si mchezo. Paul Vitta, Mtanzania aliyesomea fizikia, amechukua watu wanne wenye maisha imewachapa, mmoja wa Kenya, mmoja wa Zimbabwe, mmoja wa Nigeria na mmoja wa Libya, akawatupa Banjul, Gambia, wakati marais wa Afrika wanakutana huko kupanga vile bara itaendelea. Professor Kimani, huyo wetu wa Kenya, amezika binti yake, alafu bibi akamwacha akaenda kwa mwanasiasa. Hapo kuna uchungu ya kukalisha mtu chini. Lakini uliza msee wa Form Four kuhusu Kimani. Atakupea sifa tano bila kupumua, kila sifa na mfano wake, ni ka anasoma risiti. Muulize ni nini ilimuumiza kwa hiyo stori, hapo ndio anakuangalia ka umemuuliza PIN ya M-Pesa.

Hizo sifa zimetoka kwa mwongozo. Kisii mjini ukizunguka maduka za vitabu, mwongozo ndio huwekwa mbele, setibuku yenyewe iko nyuma huko na vumbi. Mwongozo ni nyembamba, bei iko chini, na kila kitu imeshatafunwa: muhtasari, wahusika, maudhui, maswali na majibu. Mathe wa Nyansiongo amengoja bonasi ya majani chai ndio anunue vitabu za shule, utamwambia nini akiona kitabu moja imeandikwa "majibu" na ingine haina? Atachukua ya majibu. Hata mimi ningechukua.

Alafu kuna mastaa wa kuigiza. Hii sehemu naipenda, siezi danganya. Kikundi inatua shuleni na vani, inalipwa na kila mwanafunzi, meza za dining hall zinasukumwa kando na The Samaritan ya John Lara inaanza. Wanafunzi na mwalimu wao wanatengeneza programu ya simu ya kuripoti ufisadi, na wakubwa wa mji wa Maracas wanaanza kutoa jasho. Maracas ni jina tu. Meya akitokea na tumbo ya mto na lafudhi ya mheshimiwa wa huku kwetu, hall inapasuka, juu kila mtu ashaona huyo msee akigawa sukari matangani. Mwongozo haijawahi kuchekesha mtoi hivyo hata siku moja. Shida ni moja: wale waigizaji huongeza vichekesho zao, na kuna watu huenda kuziandika kwa mtihani wakidhani John Lara ndiye alizitunga.

Mahali mambo huchacha ni dondoo. Hiyo iko Pepa 2, maksi 25, na maswali zake ni za kikatili: ni nini imetokea kabla tu ya hapa? Ni nini inafuata? Fulani anaongea na nani, na kwa nini anaongea na hiyo sauti? Mwongozo hufupisha, sasa kile kitu kilitokea mistari kumi kabla ya dondoo haiko ndani. Msee aliyejaza sifa tano kichwani anabaki akitafuna kalamu. Dem ambaye alisoma kitabu pole pole kwa kitanda ya juu na tochi, bila hata kuandika notisi, anacheka tu na kuandika. Nimeona hiyo sana, na mara nyingi huyo dem si namba moja wa darasa.

Wacha pia nitaje ile kitu hatupendi kutajiwa. Matokeo ya KCSE 2022 yalipotangazwa January 2023, Nyambaria ya Nyamira ilikuwa juu ya Kenya nzima, mean ya 10.89, na shule zingine za Gusii zikapanda nayo. Badala ya pongezi tukapata kesi. Watu wakasema haiwezekani, mpaka kamati ya elimu ya bunge ikaanza kuuliza maswali. Toka hiyo mwaka, ukienda campo Nairobi na jina ya Kisii unaulizwa kwa utani kama ulisoma ama ulitumiwa majibu. Inakera. Na dawa yake siioni kwa mitandao tukitukanana na watu wa nje. Iko kwa mtoi wa huku kuulizwa papo hapo kuhusu hadithi fupi "Boyi" ya Gloria Mwaniga, vile vita ya Mlima Elgon ilinyang'anya familia kijana wao, na akaongea dakika tano mfululizo bila karatasi. Hiyo huwezi tumiwa na mtu.

Sasa pima hii. Hao watoi wa pointi nne walikua wakubwa. Wengine waliingia Kisii University, wakapanga keja Nyamage na Nyanchwa, wakapata laptop ya mkono wa pili na Wi-Fi ya kuchangisha. Alafu wakagundua kuna mwanafunzi Marekani ama Uingereza ako na asaimenti ya Literature hataki kuandika, na ako tayari kulipa dola. Kazi ikawa hiyo. Usiku huku ni jioni huko, sasa wasee wanakesha. Oda inaingia: A Doll's House ya Ibsen, jadili Nora kuondoka kwa ndoa. Msee anacheka peke yake kwa giza. Nora? Si huyo alikuwa setibuku yetu! The Pearl ya Steinbeck pia ilikuwa kwa ile orodha ya kuchagua. Zile pointi nne za prepo ya asubuhi, na meno zikigongana kwa baridi, sasa zinalipa rent na kununua godoro mpya. Wengine walijengea wazazi. Ni biashara chafu ukiiangalia kutoka upande wa yule mwalimu wa Chicago, sitaificha, lakini pia inaonyesha kitu: kijana wa Kenya anaweza kuandikia mtoto wa tajiri esei ya kitabu cha huko kwao na ipite. Hata filamu imetengenezwa kuhusu hao waandishi, The Shadow Scholars, ikatoka 2024, na inamfuata Patricia Kingori, profesa wa Oxford mwenye mizizi ya Kenya.

Kisha November 2022 ChatGPT ikatoka. Oda zikaanza kukauka. Mbogi ya Nyamage niliyokuwa naijua saa hii mmoja anauza avocado, mmoja anaendesha nduthi Daraja Mbili, mmoja bado anajaribu na oda za watu wanataka esei ya mashine irekebishwe isikae ya mashine. Si ajabu. Utangulizi, pointi nne, lugha safi, hitimisho: hiyo ndio kitu mashine hufanya bila jasho. Tulifunzwa miaka minne kuwa mashine, alafu mashine ya ukweli ikaja na ikatushinda kwa bei.

Na hao wadogo washajua. Bahasha ya kaki ya likizo saa hii haingoji hata picha ya WhatsApp. Unaandika swali kwa simu ya mathe akiwa shambani anavuna majani, jibu linatoka kabla hajajaza kikapu. Jibu liko sawa, linameremeta, na halina mtu ndani.

Kuna asaimenti moja tu ya English nakumbuka watu wakifanya wote, hata wale wa back bench. Ilikuwa ya fasihi simulizi: nenda nyumbani, tafuta mzee, akusimulie emegano, zile hadithi za kale za huku, uiandike moja kwa Kiingereza vile umeisikia, na useme nani alikusimulia, wapi, na wasikilizaji walifanya nini. Hakuna mwongozo ya hiyo. Hakuna picha ya kutumiwa, juu kila magokoro, yaani nyanya, ako na yake. Watu walirudi na stori za zimwi, za sungura, za msichana aliyekataa wachumba wote. Mmoja alirudi na Moraa.

Hiyo ya Moraa ilishika darasa. Ni mwaka 1908, Waingereza wako Kisii, wameshaua watu na kubeba ng'ombe. Moraa ni mama, mwenye kuagua, ameshachoka kuangalia wanaume wakinyamaza. Anawachochea. Otenyo anashika mkuki, anamvizia ofisa Northcote njiani, huyo watu walimwita Nyarigoti, anamchoma mgongoni. Northcote anapona. Otenyo anashikwa na kuuliwa, na watu wanasema kichwa chake kilipelekwa Uingereza. Odijo aliuliza swali moja tu: Moraa ana makosa? Kipindi kiliisha kengele ikilia watu bado wanazozana. Wengine wanasema alituma mtoto wa wenyewe kifoni, wengine wanasema bila yeye hatungekuwa na stori ya kujivunia. Msee aliyekuwanga analala kwa kona ndiye aliongea mingi. Hapo watu waliguza sifa za mhusika, maudhui, kinaya, vyote vile vitu vya Pepa 3, na hakuna aliyehesabu pointi.

Kisha muweke Moraa kando ya Nora wa Ibsen. Wamama wawili wamechoka na wanaume wao, mmoja anafunga mlango anaenda, mwingine anabaki na kuwasha moto. Huyo mwanafunzi anayeweza kuwalinganisha hawa wawili hawezi kuogopa examiner yeyote.

Na nyenzo ziko hapa hapa. Christopher Okemwa, mshairi na mwalimu wa Kisii University, alianzisha tamasha la mashairi la Kistrech 2013, na washairi wa nchi za mbali wamekuja kusoma kazi zao Kisii. Ni shule ngapi za Manga ama Borabu zimewahi kupeana hiyo kama asaimenti: nenda usikilize, rudi uandike umesikia nini? Nauli ya mathree pekee.

Nasema haya sasa juu muda ni huu. Form Three wa 2026 ndio darasa ya mwisho ya 8-4-4, KCSE yao ya 2027 ndio inafunga hiyo kitabu. Grade 10 walishaingia senior school January 2026, na kwao Literature in English ni somo la kuchagua, limetenganishwa na English ya lazima. Maana yake, mtoi ataingia hiyo darasa kwa sababu anataka. Ukimkaribisha na esei sita za pointi nne kwa bahasha ya kaki, atahama kabla ya mock.

Kwa hivyo, mwalimu wangu wa English wa Kisii na Nyamira, kwa heshima: likizo ijayo punguza hizo esei. Peana moja ya setibuku, iwe ya dondoo, mtu asome kitabu apende asipende. Ingine iwe ya magokoro. Na wewe wa Form Three unayesoma hii na mwongozo kwa begi, mwongozo si dhambi, weka tu hapo. Soma kitabu kwanza.